Datashiti haina rejista: taarifa za chipu mpya za kupimia umbali ziko wapi?

SWALI: Nimenunua moduli yenye chipu ya VL53L5CX ili nipime mahindi yaliyobaki ndani ya kihenge cha chuma cha nyumbani, kimo mita 2, kipenyo mita 1.2. Ninatumia mikrokontrola ya ESP32. Nimepakua datashiti, yaani hati ya mtengenezaji ya vipimo vya chipu, na kuisoma mwanzo hadi mwisho, sijaona rejista hata moja ya kusoma umbali. Dukani nilikonunua hawajui lolote. Je, taarifa za chipu hizi mpya hupewa makampuni makubwa tu? Mtu wa kawaida azipate wapi?

JIBU: Hukupakua faili pungufu, ndugu yangu. Rejista hizo, yaani vijisehemu vya kumbukumbu vyenye namba ambavyo chipu husomwa na kuandikiwa kupitia kwavyo, hazimo kwenye datashiti na hazitakuwamo hata ukipata toleo jipya zaidi. STMicroelectronics walikuwa wakichapisha jedwali zima la rejista enzi za VL6180X. VL53L0X ilipotoka mwaka 2016 wakaacha. Datashiti yake inakupa rejista chache tu za kuhakikisha kwamba mawasiliano yapo: ukisoma 0xC0 upate 0xEE, 0xC1 upate 0xAA, 0xC2 upate 0x10. Mengine yote walisema yafanywe kupitia draiva yao, yaani programu ya kuendesha chipu iliyoandikwa kwa lugha ya C, na mtindo huo wameuendeleza kwenye VL53L1X, VL53L4CD, VL53L5CX na ndugu zake.

Sababu si usiri peke yake. Ndani ya chipu yako mna prosesa ndogo inayohesabu fotoni zinazorudi kutoka kwenye leza ya mawimbi ya nanomita 940, kisha inazigeuza kuwa milimita. Unachokiita rejista ni sehemu ya kuachiana ujumbe kati ya programu ya prosesa hiyo na draiva iliyo kwenye ESP32 yako, na mpangilio wake huweza kubadilika programu ikibadilishwa. VL53L5CX imekwenda mbali zaidi: kila inapowashwa huamka bila programu yake ya kufanyia kazi, na draiva ndiyo inayoimwagia programu dhibiti kupitia I2C (mawasiliano ya waya mbili, SDA wa data na SCL wa saa), baiti 86,016 kwa jumla. Bila mzigo huo hakuna umbali utakaosomeka, hata ukijua rejista zote.

Kwa hiyo datashiti kamili ya chipu hii ni msimbo wa draiva, nao haujafichwa. Unapatikana bure kwa yeyote mwenye barua pepe.

Anzia kwenye ukurasa wa chipu ndani ya tovuti ya mtengenezaji, lakini usiishie kwenye datashiti inayojitokeza juu kabisa. Shuka hadi kwenye sehemu ya nyaraka na ile ya programu, kisha zitambue hati kwa herufi zake. DS ni datashiti: umeme, vipimo vya umbo, majedwali ya umbali. UM ni mwongozo wa mtumiaji, na hapo ndipo kazi za draiva (functions, vipande vya msimbo unavyoviita kwa jina) zinapoelezwa moja moja. Kwa chipu yako tafuta UM2884. Wenye VL53L1X watafute UM2510, na wenye VL53L0X watafute UM2039. AN ni maelezo ya matumizi, yaani hati fupi inayoshughulikia jambo moja tu, kama kioo cha kufunikia kihisi au kuunganisha vihisi kadhaa kwenye waya uleule. STSW ni programu yenyewe. Draiva nyepesi ya VL53L5CX ni STSW-IMG023. Utaombwa kujisajili na kukubali leseni, kisha kiungo cha kupakulia kitaletwa kwenye barua pepe.

Tafuta pia michoro ya saketi ya bodi zao za majaribio, kama SATEL-VL53L5CX. Watu wengi huipita, ilhali ina majibu ambayo datashiti huyagusa kwa mbali: kapasita zipi zimekaa wapi, pini ya LPn (inayowasha au kuzima mawasiliano ya I2C ya chipu) imevutwa kwenda juu kwa kipinga gani, umeme wa 3.3 V unapita wapi. Moduli za bei nafuu zisizo na jina huja bila mchoro, kwa hiyo utalinganisha yako na huo.

Kwa chipu za familia hii ambazo zimekwisha kutumika kwenye simu kuna njia ya nyuma, nayo ni halali. Simu za Android hutumia kiini cha Linux, na leseni ya kiini hicho humtaka mtengenezaji wa simu atoe msimbo wake. Ndani ya misimbo ya simu kadhaa zenye kihisi cha leza kando ya kamera utakuta folda inayoitwa stmvl53l0 au stmvl53l1. VL53L0X ina draiva pia ndani ya Linux ya kawaida, kwenye drivers/iio/proximity. Hazikusaidii moja kwa moja kwa VL53L5CX, ila siku utakapokutana na chipu ambayo mtengenezaji anasuasua kuitolea hati, pekua huko.

Sasa fungua STSW-IMG023. Faili ya kuanza nayo ni vl53l5cx_api.h: kila kazi ina maelezo juu yake, na huo ndio mwongozo mfupi kuliko yote. Halafu vl53l5cx_api.c, ambamo utaona hatua za kuamsha chipu kwa mfuatano. Faili ya vl53l5cx_buffers.h ni tarakimu tupu. Hiyo ndiyo programu dhibiti, usihangaike kuitafsiri na usiguse hata baiti moja. Kazi yako iko kwenye folda ya Platform. Mtengenezaji ameacha wazi kazi chache uzijaze kulingana na mikrokontrola yako: RdByte, WrByte, RdMulti, WrMulti, WaitMs, na SwapBuffer ambayo mara nyingi huja tayari. Ukizijaza vizuri, chipu inafanya kazi kwenye kifaa chochote chenye I2C na kumbukumbu ya kutosha. Arduino Uno R3 haimo: ina KB 32 za kuhifadhia programu, na mzigo wa chipu peke yake unapita KB 80. ESP32 inatosha na kubaki.

Kabla ya kuita draiva nzima, fanya jaribio la baiti mbili. Chipu hii hutumia namba za rejista za biti 16. Andika 0x00 kwenye 0x7FFF, soma rejista 0x0000 kisha 0x0001, halafu andika 0x02 kwenye 0x7FFF kurudisha ukurasa ulipokuwa. Majibu sahihi ni 0xF0 na 0x02. Ukipata 0xF0 na 0x0C, umeuziwa VL53L8CX, na draiva ya VL53L5CX itaikataa. Pakua ya kwake. Ukipata 0xFF kote, hakuna anayejibu: angalia anwani, angalia kama LPn iko juu, angalia kama SDA na SCL hazijabadilishana. Jaribio hili lina tundu moja. VL53L7CX nayo hujibu 0xF0 na 0x02, na tofauti yake kubwa ni upana wa kuona, nyuzi 90 za mshazari. Hiyo utaitambua kwa kuelekeza kihisi ukutani na kuona inaanza kushika kitu cha pembeni wapi.

Anwani nayo huwapotezea watu siku nzima. Draiva ya mtengenezaji imeandika 0x52. Maktaba ya Wire, ile ya I2C kwenye Arduino, inataka 0x29. Ni anwani ileile: 0x52 ni ya biti 8, pamoja na biti ya kusoma au kuandika, ukiisogeza kulia kwa biti moja unapata 0x29. Ukinakili 0x52 ndani ya Wire.beginTransmission utakutana na ukimya mtupu. Kwenye Platform yako, gawanya kwa 2 kabla ya kuipeleka Wire. Na kama siku moja utaweka vihisi viwili, jua kwamba anwani mpya haihifadhiwi. Umeme ukikatika chipu zote zinarudi 0x29, kwa hiyo kila unapowasha unashusha LPn ya moja, unabadilisha anwani ya nyingine, kisha unaipandisha ile ya kwanza.

Tatizo linalofuata ni bafa, yaani kumbukumbu inayoshikilia data inaposafirishwa. Maktaba ya Wire ya Arduino nyingi za zamani hubeba baiti 32 kwa safari. Ya ESP32 hubeba 128. Draiva itaita WrMulti ikitaka kupeleka baiti 32,768 kwa mkupuo, na Wire itapokea za mwanzo na kutupa zilizobaki bila kelele. Matokeo yake ni kwamba jaribio la baiti mbili linapita, kisha vl53l5cx_init inarudisha kosa baada ya kusubiri. Dawa ni kukata vipande ndani ya WrMulti: kila kipande kianze na namba ya rejista ya baiti 2, na namba hiyo iongezwe kwa idadi ya baiti ulizokwisha kupeleka. Kwa bafa ya 32 unabakiwa na 30 za data, yaani safari karibu 2,870, na kwa kasi ya kHz 100 ambayo ESP32 huanza nayo utasubiri sekunde 8 hadi 9. Kwa kHz 400 ni sekunde 2 na ushee. Kama hutaki kuandika haya mwenyewe, maktaba ya SparkFun ya chipu hii imeshaifanya kazi hiyo, na ina setWireMaxPacketSize; ipe 128. Mfano wao wenyewe unakuonya kwamba kuamka kunaweza kuchukua hadi sekunde 10, kwa hiyo usidhani programu imeganda.

Chipu inakubali hadi MHz 1, ila hapo waya ndio hukwamisha. Kwa kasi hiyo mstari unatakiwa kupanda ndani ya nanosekunde 120. Waya na moduli zenye pikofaradi 100 kwa jumla na kipinga cha kΩ 10 hupanda kwa takriban nanosekunde 850, mbali kabisa. Kipinga cha kΩ 2.2 kinatoa kama 186: kinatosha kwa kHz 400, ambayo ukomo wake ni 300, lakini hakitoshi kwa MHz 1. Kwa kihenge hakuna haja ya kukimbilia MHz 1. Baki na kHz 400, waya usizidi sentimita 30, na ESP32 ikae juu ya mfuniko karibu na kihisi; data ndiyo isafiri, kwa WiFi au kwa waya wa RS-485.

Umeme: wakati wa kupima, njia zote mbili za umeme za chipu kwa pamoja hula karibu miliampea 100. Regulata ya bodi ya ESP32 inaweza, lakini WiFi inapotuma nayo hunyonya kwa vishindo na volti ikashuka. Weka kapasita ya mikrofaradi 10 karibu na moduli pamoja na ya nanofaradi 100. Na uangalie uso wa kihisi kwa kioo cha kukuzia: moduli mpya nyingi huja na utando mwembamba wa kinga juu ya matundu ya leza. Usipoubandua, kihisi kitapima utando huo na kukupa umbali mdogo usiobadilika.

Jambo moja la C: usitangaze VL53L5CX_Configuration na muundo wa matokeo ndani ya kazi kama vigezo vya kawaida. Ni mikubwa, na kazi ya loop kwenye ESP32 ya Arduino ina stack (kumbukumbu ya muda ya kazi) ya KB 8 tu. Itangaze kuwa static au juu ya faili. Ukipuuza hili, bodi itajizima na kujiwasha bila mpango na utalaumu umeme. Kwenye platform.h pia kuna orodha ya vitu unavyoweza kuzima, kama mwanga wa mazingira na kiashirio cha mwendo. Ukibakiza umbali na hali ya kipimo, data ya kila duru inapungua sana.

Ukianza kupata namba, usiziamini bila kuangalia target_status, yaani hali ya kila kipimo. Hapa UM2884 inalipa muda wako. Hali 5 ni kipimo halali. Hali 6 na 9 zina uhakika wa nusu, na 255 maana yake hakuna kilichoonekana. Nyingine zote zitupe. Usihamishe namba hizi kutoka chipu nyingine: kwenye draiva nyepesi ya VL53L1X kipimo halali ni 0, na VL53L0X isipoona kitu hukupa umbali wa bandia wa 8190 au 8191. Mtu aliyenakili sharti la `if (status == 0)` kutoka mradi wa VL53L1X hutupa vipimo vizuri vyote na kubaki na takataka.

Kuhusu zile "mita 4" za kwenye ukurasa wa kwanza wa datashiti yako, soma jedwali lililo ndani. Mfano ulio wazi ni wa VL53L0X, ambayo ukurasa wa mbele unasema mita 2. Jedwali lake linasema hivi kwa muda wa upimaji wa milisekunde 33: kitu cheupe kinachorudisha 88% ya mwanga, ndani ya nyumba, sentimita 200 na zaidi, cheupe hichohicho nje, chini ya mawingu, sentimita 80, kijivu cha 17% ndani ni 80, nje ni 50. Na hayo ni mawingu, si jua la saa saba mchana. Kila chipu ya aina hii ina jedwali la namna hiyo, na ndilo la kusoma kabla ya kutoa pesa. Wewe una bahati kwa sababu ndani ya kihenge ni giza na mahindi yana rangi nyepesi.

Kinachokuhusu zaidi ni pembe. VL53L5CX huona mraba wa nyuzi 45 kwa 45, umegawanywa kanda 8 kwa 8. Ukiwa umbali wa mita 2, mraba huo una upana wa mita 1.66, na kihenge chako kina kipenyo cha mita 1.2. Kanda za pembeni zitakuwa zinapima ukuta wa bati, tena bati linalong'aa na kurusha mwanga kuelekea kwingine. Tumia kanda 16 za katikati tu: 18 hadi 21, 26 hadi 29, 34 hadi 37 na 42 hadi 45. Kwa mita 2 hizo zinafunika mraba wa sentimita 80, wenye mshazari wa kama sentimita 113, zinaingia ndani ya duara lako kwa nafasi ndogo. Kwa hiyo kihisi kikae katikati ya mfuniko na kisipinde. Chipu hurekebisha yenyewe kanda za pembeni ili ukuta bapa usomeke umbali mmoja kila mahali, hivyo usiongeze hesabu ya kosaini. Mahindi hayalali bapa, hufanya kilima chini ya mdomo wa kumiminia na shimo juu ya mdomo wa kutolea, ndiyo maana wastani wa kanda 16 unashinda kihisi cha nukta moja. Sekunde moja kila baada ya dakika 10 inatosha. Tumia hali ya 8 kwa 8, ambayo ukomo wake ni vipimo 15 kwa sekunde.

Kihisi hakiwezi kukaa uchi kwenye vumbi la nafaka, na ukiweka kioo mbele yake mwanga kidogo utarudi moja kwa moja na kuharibu vipimo vya karibu. Kuna kazi ya vl53l5cx_calibrate_xtalk kwa ajili hiyo. Inapokea asilimia ya mwanga unaorudishwa, idadi ya sampuli 1 hadi 16, na umbali wa milimita 600 hadi 3000. Pendekezo la mtengenezaji ni kibao cheusi cha 3%, sampuli 4, milimita 600. Kioo kiwe chembamba na kigusane na kihisi kadiri inavyowezekana. Pengo likikua, kurekebisha kunakuwa kugumu. Mpangilio wa shabaha uache kwenye yenye nguvu zaidi, ambao ndio wa kiwandani, kwa sababu ukichagua iliyo karibu zaidi utapima vumbi linaloelea unapomimina gunia.

Vitu ambavyo kweli hutavipata bila mkataba wa usiri ni msimbo wa ile programu dhibiti na namna inavyokokotoa. Data ghafi ya fotoni nayo haitoki kwenye CX, ila kuna chipu za jina lile lile zinazoishia CH, kama VL53L8CH, zinazotoa histogramu iliyobanwa. Soma herufi za mwisho kabla ya kuagiza. Ukiangalia watengenezaji wengine, ams OSRAM wana TMF8820 na TMF8821, ambazo nazo hupakiwa programu kila zinapowashwa, na Broadcom wana AFBR-S50, ambayo kiini cha draiva yake hutolewa kikiwa kimekwisha kukompailiwa kwa prosesa za Arm Cortex-M. ESP32 si mojawapo, kwa hiyo hapo ungekwama hata ukiwa na hati zote.

Ukikwama na kumwandikia mtengenezaji, swali la "haifanyi kazi" halina wa kulijibu. Taja jina zima la chipu, toleo la draiva lililoandikwa kwenye hati ya mabadiliko, mikrokontrola, kasi ya I2C, kazi iliyorudisha kosa na namba iliyorudisha, majibu ya rejista 0x0000 na 0x0001, na uambatanishe picha ya mawimbi ya SDA na SCL kutoka kwenye lojiki analaiza, kifaa cha kunasa mawimbi ya dijitali. Za bei nafuu za MHz 24 zenye njia 8 zinatosha kabisa kwa kHz 400.